Nilichomwambia Fundi Cherehani

Jumatatu, 4 Machi

Leo natimiza miaka thelathini na nne na siku kumi na moja nje ya kwetu. Siku nazihesabu kwa mazoea tu. Kazi yangu ni ya watoto ambao umri wao husemwa kwa siku, na hesabu hiyo imehamia polepole kwenye mambo yangu mwenyewe.

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri. Wiki sita baada ya mvua kukaza, virusi vinavyoziba vijia vidogo vya hewa mapafuni vitaingia mjini, na wodi itajaa vichanga wanaohema kama waliokimbizwa. Nimeshuhudia misimu zaidi ya arobaini, huku na kule nilikotoka. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, tuna chanjo ya kujaribu. Nusu ya watoto wanachomwa chanjo, nusu maji ya chumvi, na hakuna anayejua nani amepata nini isipokuwa mfamasia wetu. Anazijaza sindano peke yake, chumba cha mwisho, mlango umefungwa, kisha anazizungushia karatasi nyeusi, kwa kuwa chanjo ina ukungu kidogo na maji hayana. Orodha iko kwenye sefu yake.

"Wewe ukifa sote tumekwisha," husema muuguzi mkuu, tunayemwita Bi Saa kwa sababu hajawahi kuchelewa hata dakika moja.

"Ndiyo maana nakula vizuri," hujibu mfamasia.

Tunahitaji watoto mia tatu kufikia Ijumaa. Tunao mia mbili tisini na saba.

Nyumbani nimekuta barua. Mwanafunzi wangu wa zamani sasa ndiye anayeongoza hospitali ya watoto niliyoikimbia. Anataka nirudi mvua zikiisha, nikaanzishe utafiti huuhuu kule. "Hapa jina lako halijafutika," anaandika. "Ukiwaambia wazazi neno moja tu watajipanga foleni. Na ule ufunguo wa chumba cha oksijeni ulioondoka nao, usihangaike kuuleta. Kufuli tulilivunja kwa nyundo siku ileile. Njoo wewe mwenyewe."

Nilimsomea mke wangu. Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniuliza, "Utakwenda?" Nikasema nitamjibu baada ya mvua.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Bado watatu.

Ijumaa, 8 Machi

Tumetimiza mia tatu. Wa mwisho ni binti wa miezi mitatu, mashavu yamejaa, mikono ina mikunjo kama mkate uliosokotwa. Mama yake anamwita Bonge. Yeye ni fundi cherehani, ana duka nyuma ya kituo cha mafuta. Alipozungumza na mwanawe nilisikia lafudhi ya kwetu, nikaacha kalamu. Tulisalimiana kwa maneno ambayo sijayatumia na mtu yeyote zaidi ya mke wangu kwa muda mrefu sana. Akaniita baba.

Alikuwa na maswali. Nilimtoa wasiwasi. Akatia sahihi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimesoma nilichoandika jana. "Nilimtoa wasiwasi." Ningeona maneno hayo kwenye faili la daktari kijana ningemrudishia aandike upya.

Jumapili, 10 Machi

Haya basi.

Bi Saa alikuwa ametoka kupokea simu. Fundi alikuwa amempakata Bonge, fomu ya ridhaa mezani, kurasa sita ameshasoma zote, kalamu mkononi hajaandika. Akasema, "Baba, hapa wameandika kwamba mwanangu anaweza kupewa maji tu."

"Ndivyo ilivyo."

"Sasa wewe ndiye mkubwa wa hapa. Wewe ni mtu wa kwetu. Bonge atapewa maji?"

Jibu liko kwenye ukurasa wa pili wa fomu, nililiandika mimi mwenyewe: sijui, siwezi kujua, na siwezi kuchagua. Nimelitoa mara mia mbili tisini na tisa bila kukwama. Nikamtazama Bonge, nikamtazama mama yake, nikasema:

"Mwanangu, mimi nimwache mjukuu wangu achomwe maji?"

Akacheka kwa furaha, akatia sahihi. Bi Saa aliporudi nilikuwa nagonga muhuri.

Nilifanya hivyo kwa sababu ilikuwa Ijumaa saa tisa na alikuwa amebaki mmoja. Nikiwa mkweli kabisa, nilifanya hivyo pia kwa sababu aliniita baba, nami nilitaka kujibu kama baba. Sijui ipi ni aibu kubwa zaidi.

Jumanne, 12 Machi

Nimekusudia kumpigia fundi nimweleze. Mvua imekata umeme, simu imekufa.

Jumatano, 13 Machi

Umeme umerudi. Sikupiga.

Jumatano, 10 Aprili

Siku ya sindano ya pili ya Bonge. Ana kilo saba na nusu. Alipochomwa alinitazama kama mtu aliyedanganywa kwenye biashara, kisha ndipo akalia.

Nilikuwa nimepanga kumwambia mama yake leo. Nilimsubiri atoke chumba cha sindano, maneno nimeshayapanga. Akanitangulia. "Baba, hili koti lina aibu. Limebaki na vifungo viwili, tena haviendani." Akafungua mkoba, akatoa uzi na sindano, na kopo la vifungo, akanivua koti pale kwenye benchi mbele ya akina mama wengine. Alishona vitano vyeupe, akikata uzi kwa meno. Akina mama wakacheka. Mmoja akasema, "Daktari, umepata binti." Nikasema ndiyo, nimepata.

Maneno niliyoyapanga nikarudi nayo ofisini.

Jioni mke wangu aliviona vifungo. "Nani kakupendezesha hivi?" Nikamwambia fundi wa kwetu. Akasema, "Angalau kuna mtu anayekuona." Alikuwa anatania.

Ijumaa, 19 Aprili

Virusi vimefika. Vichanga wanne wodini, hakuna hata mmoja wa utafiti wetu.

Jumatatu, 29 Aprili

Kumi na saba. Wawili ni wa utafiti, hali zao si mbaya. Wodi inanuka nguo mbichi. Akina mama wanaanika nepi kwenye vyuma vya vitanda kwa kuwa nje hakukauki kitu.

Alhamisi, 9 Mei

Ishirini na sita. Watoto wawili kitanda kimoja.

Jumanne, 14 Mei

Bi Saa huwapigia wazazi wote mara mbili kwa wiki. Mezani pangu aliacha karatasi: "Bonge, mafua tangu jana. Nimemwambia mama amlete leo. Amesema haina haja, mtoto analindwa. Nimemsisitiza. Amesema kesho."

Neno "analindwa" alikuwa amelipigia mstari.

Nilichukua simu. Nikajiambia amesema kesho, na kesho si mbali. Nikaiweka chini.

Jumatano, 15 Mei

Hakuja. Nilimpigia mara nne. Simu imezimwa.

Alhamisi, 16 Mei

Walifika saa mbili asubuhi, wamelowa. Bonge alikuwa kwenye shuka mgongoni, na kabla mama yake hajamfungua nilimsikia: ule mguno mdogo mwishoni mwa kila pumzi, ambao ukiusikia hauhitaji tena kuuliza chochote. Chini ya mbavu palikuwa panabonyea. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma themanini na nne. Mtoto mwenye afya hashuki chini ya tisini na tano. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

Tulimpa oksijeni, tukamvuta makamasi kwa mashine, tukampitisha mpira wa chakula puani kwa sababu hakuwa na nguvu ya kunyonya. Zaidi ya hapo hatuna dawa ya kuviua virusi hivi, ndiyo maana tunahangaika na chanjo. Ni kumshikilia mtoto asizame mpaka virusi vichoke.

Bi Saa akamuuliza mama yake, kwa upole, mbona amechelewa. Fundi alikuwa anakamua maji ya mvua kwenye pindo la gauni. Akajibu, na nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo:

"Mimi nilijua ni mafua tu, dada. Wiki iliyopita tulilala kwa binamu yangu, watoto wake wote wanakohoa, hata sikujali. Simu nayo ikalowa ikafa. Lakini sikuwa na hofu, kwa sababu baba alishanihakikishia. Huyu alichomwa ile yenyewe."

Bi Saa hakunitazama. Nimefanya naye kazi miaka kumi na minane, na hajawahi kushindwa kunitazama. Alimaliza kufunga mpira wa oksijeni, akaandika saa kwenye chati, akapita kando yangu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Daktari, fomu za taarifa ya kosa ziko droo ya pili."

Saa sita kipimo kilikuwa themanini na sita. Saa nane, themanini na tatu.

Sasa niandike jambo lililonifedhehesha kuliko yote. Saa tisa nilikwenda chumba cha mwisho, nikagonga. Mfamasia alifungua kidogo, kiasi cha uso.

"Namba mia tatu," nikasema. "Nataka kujua."

"Hali yake ni mbaya?"

"Mbaya."

"Ukijua, matibabu yatabadilika?"

Anajua jibu. Kanuni hiyo niliitunga mimi: sefu haifunguliwi isipokuwa kufunguliwa kwake kutamsaidia mgonjwa. Oksijeni ni ileile, kwa aliyepata chanjo na kwa aliyepata maji.

"Hapana," nikasema.

"Sasa unataka kujua ili iweje, mzee wangu?"

Nilitaka kujua kama nilimdanganya mama yake. Kwenye ngazi nilikuwa nimeanza kuomba kwamba iwe chanjo. Kwa dakika mbili nzima sikumwombea mtoto apone. Niliomba nisiwe mwongo.

"Rudi wodini," mfamasia akaniambia, akafunga mlango taratibu, kama anavyofungiwa mgonjwa.

Ijumaa, 17 Mei

Themanini na nane. Nimeshinda kitandani pake. Fundi ananishukuru kila ninapomkaribia. Kila "asante, baba" inaniingia kama mwiba. Vifungo vya koti vinang'aa.

Jumamosi, 18 Mei

Tisini.

Jumapili, 19 Mei

Tisini na mbili. Amepiga kelele ya njaa. Wodi nzima imempigia makofi.

Jumanne, 21 Mei

Bonge ameruhusiwa. Mama yake alinishika mikono yote miwili mlangoni pa wodi, mbele ya wauguzi na madaktari wanafunzi sita. "Baba, Mungu akuweke. Kama ungempa yale maji, leo ningekuwa nalia. Ulinishika mkono." Wanafunzi wakanitazama kwa heshima. Nilitakiwa kusema maneno matano tu. Niliinamisha kichwa, na wao wakadhani ni unyenyekevu.

Bi Saa alikuwa anakunja shuka. Alikunja ileile mara tatu.

Nyumbani nilimweleza mke wangu kila kitu tangu mwanzo. Alikuwa mwalimu miaka thelathini, anajua kusikiliza bila kukatiza. Nilipomaliza akasema, "Unakumbuka ulimwambia nini sista wa wodi siku tuliyoondoka?"

Nakumbuka. Nilimwambia, "Nakwenda kunywa chai, narudi." Wodi ilikuwa na watoto thelathini na mmoja, msimu kama huu, na ufunguo wa chumba cha oksijeni ulikuwa mfukoni mwangu. Lori lilikuwa limeshawasha injini nyuma ya jengo la kufulia, mke wangu amekaa juu ya mizigo. Hadithi ya ufunguo nimeisimulia kwenye karamu nyingi kama kichekesho. Hiyo chai siitaji kamwe.

"Sikukulaumu kwa kuondoka," mke wangu akasema. "Waliokuwa wanakusaka wangekuua. Lakini yule sista alikuwa mtu mzima, angeweza kuambiwa kweli. Wewe una tabia ya kuwaambia watu kitakachowatuliza, kisha unatoka na ufunguo."

Kisha akaenda kuchemsha maji. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Jumatano, 22 Mei

Droo ya pili. Fomu ina mistari minane ya "Eleza kilichotokea." Nilitumia mitatu. Nilidhani nitahitaji karatasi za ziada.

Alhamisi, 23 Mei

Duka lake lina upana wa meza moja. Magauni yametundikwa mpaka darini, na mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilibidi niseme kwa sauti kubwa jambo ambalo ningependa kulinong'ona. Bonge alikuwa kwenye kapu la vitambaa, anatafuna kidole.

"Baba! Ungesema unakuja ningefagia."

"Nimekuja kukuambia kwamba nilikudanganya."

Mguu wake ulikuwa bado unakanyaga pedali. Cherehani ikaendelea kidogo peke yake, kisha ikanyamaza.

Nikamweleza. Kwamba sikujua Bonge alichomwa nini, sijui mpaka sasa, na sikuwa na uwezo wa kuchagua. Kwamba alikuwa wa mia tatu na siku ilikuwa inaisha.

"Kwa hiyo ulikuwa unajaza namba."

"Ndiyo."

"Na lile la mjukuu wako?"

Nikasema, "Uliniita baba. Nilipenda."

Aliukata uzi kwa meno. Aliposema, hakupandisha sauti, nami nilikaribia kukosa kumsikia kwa sababu ya bati.

"Ningekubali, unajua? Ungeniambia hujui, ningetia sahihi vilevile. Mimi si mjinga, nilisoma kurasa zote sita. Ila ningemkalisha nyumbani. Nisingempeleka kwa watoto wanaokohoa. Na siku ya kwanza ya mafua ningekuja mbio, hata kwa miguu." Akamtoa Bonge kwenye kapu, akamweka begani. "Siku tatu, mwanangu anakauka pumzi, na mimi nashona sare za watu huku naimba."

Nikasema nimeshaandika taarifa, kamati ya maadili itanihoji, na yeye anaweza kuwaeleza lolote analotaka.

"Sawa, Daktari," akasema. "Nina wateja."

Hapakuwa na mteja yeyote dukani.

Jumanne, 4 Juni

Kamati, watu watano na mtungi wa maji. Waliniuliza kama niliwaambia hivyo wazazi wengine. Nikasema hapana. Wakaniuliza wataniaminije. Nikasema wawaulize wazazi, si mimi.

Ijumaa, 14 Juni

Bi Saa na msaidizi wameongea na wazazi wote mia tatu. Hakuna mwingine. Uamuzi: takwimu za Bonge zinaondolewa kwenye hesabu, nami sitakaa tena na mzazi kumweleza fomu, katika utafiti huu wala mwingine. Nitabaki na maabara na karatasi.

Bi Saa aliniletea uamuzi huo mwenyewe. Akasimama. "Nilikuwa na hasira na wewe mpaka nikashindwa kula," akasema. Kisha akatazama saa yake. "Lakini fomu uliijaza vizuri. Mistari mitatu, sikusahihisha hata neno."

Nimeyathamini maneno hayo kuliko tuzo zangu zote, na nimeona aibu kwa kuyathamini.

Jumamosi, 29 Juni

Mvua inapungua. Wodi ina watoto tisa.

Alhamisi, 11 Julai

Watatu.

Jumatatu, 22 Julai

Jua. Nepi zimeanikwa nje.

Jumanne, 6 Agosti

Sefu imefunguliwa mbele ya kamati. Chanjo inafanya kazi. Si kwa ukamilifu, lakini kwa kila watoto watatu wa kundi la maji waliolazwa, kundi la chanjo lilikuwa na mmoja. Mfamasia alilia, kisha akauliza kama kuna keki.

Baadaye akanivuta kando, akanionyesha mstari wa mwisho wa orodha. Namba mia tatu: chanjo.

Bonge alichomwa ile yenyewe. Ni mmoja wa wale wachache ambao haikuwatosha, au labda bila hiyo tungempoteza. Hakuna atakayejua kamwe.

Mke wangu aliposikia akasema, "Kumbe ulisema kweli bila kujua!" Akanitazama usoni, akaacha kucheka. "Haisaidii, eh?"

Haisaidii hata kidogo. Ingekuwa maji, ningekuwa mwongo wa kawaida. Sasa naona ningeweza kuendelea kunyamaza kama siku ile mlangoni, na siku hii ingenisafisha, na koti langu lingebaki jeupe, na mwakani ningemwambia mama mwingine vilevile.

Jumatatu, 12 Agosti

Wazazi wote wametumiwa barua za matokeo, kila mmoja akiambiwa mwanawe alichomwa nini. Bi Saa alikutana na fundi sokoni. Bonge ana meno mawili, ameshauma watu. Fundi alisema, "Mwambie Daktari nimepata barua." Nilimuuliza Bi Saa kama aliongeza neno lolote. Hakuongeza.

Jumatano, 14 Agosti

Nimemjibu mwanafunzi wangu. Nimemwambia kuhusu chai, lori lililokuwa linasubiri, na watoto thelathini na mmoja. Nimemwambia kuhusu namba mia tatu. Matokeo yote nimeyaambatanisha, na kanuni za kazi, na karatasi nyeusi tunayozungushia sindano, kipande kimoja, aone unene wake. Nimemshauri atafute mgeni wa kuwaelezea wazazi fomu, mtu ambaye hakuna anayemwita baba, ambaye itambidi ajibu kila swali kwa sababu hakuna atakayemwamini bure. Aliandika kwamba kule nikisema neno moja watajipanga foleni. Najua. Ndilo linalonitisha.

Bahasha nimeifunga. Ufunguo nimeutia ndani, ingawa hauna tena kufuli.

Sitarudi.